Sarafu Haikuzaliwa Sokoni

Kila aliyepitia somo la biashara sekondari anaijua simulizi hii. Zamani za kale watu walibadilishana mali kwa mali. Mwenye mbuzi alitaka mtama, mwenye mtama hakuwa na haja ya mbuzi bali chungu, na mfinyanzi naye alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa. Walipochoka kuzungushana, wakakubaliana juu ya kitu kimoja ambacho kila mtu angekipokea, wakachagua madini, na hatimaye mwerevu mmoja akayagonga alama ili watu wasihangaike tena na mizani. Sarafu ikawa imezaliwa, katika miji ya Walidia na Wagiriki kwenye pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, na biashara ikashamiri.

Simulizi ni tamu na inaingia akilini. Tatizo ni kwamba ushahidi unaikana karibu kila inapoguswa.

Haikutoka kwenye uchimbaji wala kwenye nyaraka. Aristotle aliiandika katika kitabu chake cha Siasa, karne ya 4 KK, karibu miaka 300 baada ya sarafu za kwanza: watu walipoanza kuagiza walichopungukiwa na kupeleka nje kilichozidi, wakaafikiana kupokezana chuma au fedha kwa uzito, kisha wakaweka alama ya kuonyesha kiasi ili waepuke usumbufu wa kupima. Hakutaja mji, mfalme wala mwaka. Alikuwa mwanafalsafa anayefikiria jinsi jambo lilivyopaswa kutokea. Mwaka 1776 Adam Smith, mwanauchumi wa Scotland, aliirithi dhana hiyo, akawaingiza mchinjaji, mpika pombe na mwoka mikate, na vitabu vya shule vikanakili kutoka kwake. Katika muda huo wote hakuna aliyeonyesha jamii iliyoishi kwa kubadilishana mali kwa mali pekee, kisha ikavuka kutoka hapo na kuingia kwenye pesa. Mwanaanthropolojia Caroline Humphrey wa Cambridge alihitimisha mwaka 1985 kwamba jamii ya namna hiyo haijawahi kuelezwa popote.

Waulizwe basi wafanyabiashara wenyewe. Karibu mwaka 1900 KK, zaidi ya miaka 1,200 kabla ya sarafu ya kwanza, matajiri wa mji wa Ashuru walikuwa wakituma misafara ya punda hadi Kanesh, katikati ya Anatolia, karibu na Kayseri ya leo. Punda walibeba bati na vitambaa. Kilichorudi Ashuru kilikuwa fedha na dhahabu. Wachimbaji wamefukua huko vibao vya udongo zaidi ya 20,000, na ndani yake mna barua, hati za madeni, hesabu za ubia, riba, ushuru wa njiani, hata mipango ya kukwepa ushuru huo kwa magendo. Wake waliobaki Ashuru waliwaandikia waume zao kulalamikia malipo ya vitambaa walivyofuma. Kila kitu ambacho mfanyabiashara wa leo angekiita biashara kimo. Sarafu haimo. Fedha ilipimwa kwa mizani, ikafungwa, ikatiwa muhuri, ikasafirishwa.

Mesopotamia nzima ilienda hivyo. Sheria za mji wa Eshnunna zinaanza na orodha ya bei: kipimo cha shayiri, cha mafuta, cha sufu, cha chumvi, kila kimoja kwa shekeli moja ya fedha. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, karibu mwaka 1750 KK, zinataja faini, ujira wa vibarua na kodi ya kukodi mashua. Pesa ilikuwepo, bei zilikuwepo, mikopo ilikuwepo. Kwa hiyo habari za mbuzi na mtama hazihusiki hapa. Kinachohitaji maelezo ni kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: kwa nini mtu wa karne ya 7 KK aliona haja ya kugonga alama yake juu ya madini ambayo dunia ya wafanyabiashara ilikwisha kujua kuyapima kwa zaidi ya miaka elfu moja?

Wafoinike wanaifanya nadharia ya soko izidi kuyumba. Hakuna taifa la Bahari ya Kati lililosifika kwa biashara kuliko wao. Kutoka Tiro na Sidoni walivuka hadi Hispania, wakajenga Karthago, wakauza mbao za mierezi, rangi ya zambarau na vyombo vya kioo kwa kila aliyeweza kununua. Kama sarafu ilikuwa jibu la shida ya mfanyabiashara, wao ndio wangeidaka siku ya kwanza. Walidia walikuwa majirani wa kufikika kwa jahazi. Hawakuidaka. Tiro, Sidoni na Bibloi zilianza kupiga sarafu katikati ya karne ya 5 KK, takriban miaka 200 baada ya Walidia. Karne mbili ni muda mrefu sana kwa mfanyabiashara kuikosa dawa ya ugonjwa wake mwenyewe.

Sasa itazamwe sarafu yenyewe. Mwaka 1904 na 1905 David George Hogarth, akichimba kwa niaba ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, alifika chini ya misingi ya hekalu la Artemi huko Efeso, lile ambalo Croesus mfalme wa Lidia alilichangia nguzo. Alikuta vipande 93 vya elektramu, mchanganyiko wa dhahabu na fedha, 19 kati yake vikiwa ndani ya kigudulia kimoja. Vingine vilikuwa vitupu, bila alama. Vingine vilikuwa na alama ya patasi upande mmoja, vingine na mistari upande wa pili, na vingine vilikuwa na picha kamili: kichwa cha simba, kulungu, jogoo. Ni kana kwamba hatua za uvumbuzi zilikuwa zimewekwa akiba mahali pamoja. Uchimbaji wa Waaustria uliofuata miongo kadhaa baadaye umesaidia kuziweka sarafu hizo katika nusu ya pili ya karne ya 7 KK.

Mahali zilipopatikana ni jambo la kuzingatia. Hazikutoka kwenye banda la muuza samaki wala ghala la bandarini. Zilitoka hekaluni, miongoni mwa sadaka za vito, sanamu ndogo na bizimu. Mtetezi wa nadharia ya soko atasema wanaakiolojia hupenda kuchimba mahekalu, na hilo ni kweli. Lakini hajaleta bado banda lake la samaki.

Kisha kuna suala la thamani. Stateri kamili ya Lidia ilikuwa na gramu 14 na kidogo. Sarafu iliyopigwa zaidi ilikuwa theluthi yake, gramu 4.7. Theluthi hiyo ilikuwa mali ya kununulia mifugo, wala haikufaa kununulia mkate wa asubuhi. Mwaka 1964 Colin Kraay wa Oxford alilisema hili waziwazi: sarafu za mwanzo zilikuwa na thamani kubwa mno kwa rejareja, na hazikusafiri mbali kiasi cha kusemwa kwamba zilihudumia biashara ya nje. Kama haikumfaa mchuuzi wala mwenye jahazi, ilimfaa nani?

Jibu limo ndani ya madini. Elektramu inapatikana kiasili. Mto Pactolus unaopita Sardi, mji mkuu wa Lidia, uliileta pamoja na mchanga. Lakini elektramu ya asili kwa kawaida huwa na dhahabu asilimia 70 na kuendelea. Vipimo vya maabara vya sarafu za Lidia zenye kichwa cha simba vinaonyesha dhahabu asilimia 54 hivi, fedha zaidi ya asilimia 40, na shaba kidogo ya kurudisha wekundu uliopotea kwa kuongeza fedha. Haya hayatokei kwa bahati. Kuna mtu aliongeza fedha kwa makusudi, akapima kwa uangalifu, akatia shaba ili rangi isimsaliti, kisha akagonga simba juu yake na kuitoa.

Hapa nadharia ya Aristotle inapasuka katikati. Anasema alama iliwekwa ili mpokeaji aepushwe na usumbufu wa kupima. Uzito kweli ulidhibitiwa kwa umakini mkubwa; sarafu za theluthi zinatofautiana kwa sehemu ndogo sana za gramu. Lakini uzito ndicho kitu ambacho mpokeaji angeweza kukihakiki mwenyewe kwa mizani yake. Kilichomshinda ni kiasi cha dhahabu kilichomo. Jiwe la kupimia dhahabu, ambalo Walidia walisifika nalo, lilimpa makisio kwa rangi ya mkwaruzo, na shaba ilikuwa imewekwa humo kuichanganya rangi hiyohiyo. Kama sarafu hiyo ilipokelewa kwa thamani ya elektramu ya asili, kama wataalamu wengi wanavyoona, tofauti ilibaki mfukoni mwa aliyeipiga. Faida ya namna hiyo haipatikani kwa mapatano ya wachuuzi. Anayeipata ni mwenye uwezo wa kusema: kipande hiki kina thamani hii kwa sababu mimi nitakipokea kwa thamani hii.

Mtaalamu Mmarekani Robert Wallace alijaribu mwaka 1987 kuokoa sehemu ya hoja ya zamani. Kwa maoni yake, elektramu ilisumbua wafanyabiashara kwa sababu hakuna aliyejua kipande kina dhahabu kiasi gani, hivyo alama ilikuja kuituliza thamani hiyo. Ni hoja nzito kuliko ya Aristotle, kwani inaanza na madini yenyewe. Hata hivyo inageuka na kumsaidia mpinzani wake. Wafanyabiashara waliosumbuliwa na elektramu walikuwa na njia rahisi ya kuondoa usumbufu huo, nayo ni kutumia fedha, kama walimwengu wote wa mashariki. Aliyekuwa amekaa juu ya mlima wa elektramu, asiyekuwa na njia nyingine ya kuitumia kwa thamani kamili, alikuwa mfalme wa Sardi.

Na huyo alikuwa na madeni ya kulipa. Lidia ya wafalme Gyges na Alyattes ilikuwa dola ya vita. Kumbukumbu za Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, zinamshutumu Gyges kwa kupeleka askari kumsaidia Psammetichus wa Misri. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasimulia jinsi Psammetichus huyo alivyoshika nchi kwa msaada wa Waionia na Wakaria waliovaa shaba, watu wa pwani ileile iliyozaa sarafu, na maandishi yao ya karne ya 6 KK bado yanasomeka kwenye miguu ya sanamu za Abu Simbeli. Alcaeus, mshairi wa Mytilene aliyefukuzwa kwao, anataja stateri 2,000 ambazo Walidia waliwapa yeye na wenzake ili waweze kurudi mjini kwa nguvu. Iwe stateri hizo zilihesabiwa au zilipimwa, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo mtu wa zama zile anaitaja kwa kiasi kikubwa cha madini ya Lidia: kugharimia uasi katika mji wa watu.

R. M. Cook alipendekeza mwaka 1958 kwamba sarafu zilianza kama malipo ya askari wa kukodiwa. Martin Price wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alizitazama kama zawadi na bakshishi za mtawala kwa watu wake. Wanaowapinga hupenda kuyagonganisha mapendekezo haya mawili, kana kwamba yanauana. Hayauani. Mshahara wa askari, tuzo, sadaka, mgao na faini ni vitu vya ukoo mmoja: malipo mengi yanayofanana, yanayotoka au kuingia kwenye mkono mmoja mkuu. Mkono huo ndio unaofaidika na vipande elfu moja vyenye uzito sawa vinavyohesabika bila mizani. Mfanyabiashara anayelipwa mara moja kwa msimu ana muda wa kupima.

Matendo ya Croesus yanathibitisha hilo. Huyu ndiye aliyeiacha elektramu na kupiga sarafu za dhahabu safi na fedha safi, zenye simba na fahali wakitazamana. Wachimbaji wa vyuo vikuu vya Harvard na Cornell walifukua kando ya Pactolus, miaka ya 1960, karakana ambamo dhahabu ilitenganishwa na fedha kwa kuichoma polepole ndani ya vyungu pamoja na chumvi. Na Herodotus anapoeleza Croesus alivyozitumia stateri zake, haelezi ununuzi wowote. Anasema alimpa kila mwanamume wa Delfi stateri mbili za dhahabu kwa kufurahishwa na unabii aliopewa.

Wagiriki walifuata njia hiyo. Watu wa kisiwa cha Sifno waligawana kila mwaka mapato ya migodi yao. Athene, fedha nyingi ilipopatikana Laurio, ilikusudia kumpa kila raia drakma kumi, mpaka kiongozi wao Themistocles alipowashawishi wajenge merikebu. Kabla ya hapo mtunga sheria Solon alikuwa ameweka, kwa simulizi ya mwandishi Plutarch, drakma 500 kwa mshindi wa michezo ya Olimpia na 100 kwa mshindi wa Isthmia, wakati Athene haijapiga sarafu hata moja. Kipimo kilitangulia sarafu, na kilitangulia katika tuzo na faini za serikali. Sheria za Krete zilitoza faini kwa masufuria, na za Draco wa Athene kwa ng'ombe. Mji uliozoea kupokea faini kwa masufuria haukuhitaji soko liufundishe faida ya vipande vinavyofanana.

Wapo watakaomleta Phanes. Jina lake limo kwenye sarafu mashuhuri ya kulungu yenye maandishi yanayosema, mimi ni alama ya Phanes, na wengine wamemgeuza kuwa tajiri wa benki aliyejitengenezea sarafu zake. Hakuna mstari mmoja wa kale unaosema hivyo. Kinachoonekana ni kulungu, mnyama wa Artemi, na mtu mwenye mamlaka ya kutosha jina lake lipokelewe kama dhamana. Kwenye sarafu za simba za Lidia limo jina Walwet, ambalo wengi wanalihusisha na Alyattes. Kati ya mfalme anayeelekea kujulikana na mwenye benki wa kubuni, mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayemchagua wa pili.

Pingamizi zito zaidi ni la sarafu ndogo. Elektramu ilikatwa hadi sehemu ya 96 ya stateri, gramu 0.15 hivi, uzito wa punje chache za mchele. Nani alipe askari kwa vitu vya namna hiyo? Aidha, limepatikana lundo la sarafu za fedha za mji wa Kolofoni takriban 900 za mwishoni mwa karne ya 6 KK, nyingi zikiwa chini ya nusu gramu. Henry Kim, aliyechambua sarafu ndogo za wakati huo, alikuwa na haki ya kumkosoa Kraay: chenji ilikuwepo mapema kuliko ilivyodhaniwa, na ilitumika kununulia vitu vya kila siku.

Hilo linakubalika bila kinyongo, na halibadilishi hoja. Lundo la Kolofoni ni la karne moja baada ya uvumbuzi. Linaeleza sarafu ilifanya nini ilipokwisha kuenea. Halielezi kwa nini ilianzishwa. Mtawala anayelipa kwa sarafu na kudai ushuru na faini kwa sarafu hiyohiyo anazalisha, bila kukusudia, watu wengi wenye haja ya kuipata na kuitumia. Askari hununua vitunguu. Muuza vitunguu hulipa ushuru wa lango. Vipande vya 0.15 vinahitajika kwa ajili ya salio la malipo hayo sawasawa na vinavyohitajika kwa vitunguu. Soko liliichukua sarafu, likaipenda, likaifanya yake. Herodotus anaposema kwamba Walidia walikuwa wa kwanza kupiga sarafu za dhahabu na fedha, na wa kwanza kuwa wachuuzi, anayaweka mambo mawili pamoja. Hasemi la pili lilizaa la kwanza.

Na pale ambapo biashara kubwa ilikuwa inajitawala, sarafu ilirudishwa kuwa kipande cha madini tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 lilipatikana Asyuti, nchini Misri, lundo la sarafu za fedha za Kigiriki zipatazo 900, zilizozikwa karibu mwaka 475 KK. Zilitoka Egina, Athene, Korintho, Thrakia na kwingineko. Nyingi zilikuwa zimechanjwa kwa patasi kuona kama ndani ni fedha kweli. Mfanyabiashara wa Misri hakujali kasa wa Egina wala bundi wa Athene waliogongwa juu yake. Alikata, akachungulia, akapima. Alama ambayo Aristotle anasema ilibuniwa kumwondolea mtu kama yeye usumbufu haikumwondolea chochote.

Karthago ilichelewa kufika, na namna ilivyofika ni ushahidi wa kutosha peke yake. Mji huo wa wafanyabiashara uliishi karne nyingi bila sarafu. Ulianza kupiga mwishoni mwa karne ya 5 KK, siyo nyumbani bali kwa ajili ya vita vya Sisilia, na baadhi ya sarafu zake za huko zina maandishi ya Kifoinike yanayowataja watu wa kambi, yaani jeshi. Misri nayo ilikaa bila sarafu zake mpaka karne ya 4 KK, wakati mafarao wake wa mwisho, Tachos akiwamo, walipolazimika kuwalipa Wagiriki waliowakodi kupigana na Waajemi.

Hata katikati ya soko la Athene, lenye sarafu iliyoaminika kuliko zote, mambo hayakujiendesha. Sheria ya Nikophon ya mwaka 375/374 KK, iliyochongwa kwenye jiwe na kufukuliwa mwaka 1970, inamweka mtumwa wa serikali kati ya meza za soko akague kila sarafu anayoletewa. Asipofika kazini anachapwa viboko 50. Muuzaji anayekataa sarafu iliyokwisha kukaguliwa na kupitishwa ananyang'anywa bidhaa zake za siku hiyo. Wanaoshikilia kwamba wachuuzi ndio walioibuni sarafu kwa ajili ya raha yao wana kazi ya kueleza kwa nini, miaka zaidi ya 200 baadaye, bado ilibidi walazimishwe kuipokea kwa kutishiwa kufilisiwa.